Bustani ya mvua: inachoweza na isichoweza kufanya mtaa unapojaa maji

Kila masika inapozidi jijini Dar es Salaam na Barabara ya Morogoro kufungwa eneo la Jangwani, mjadala wa mafuriko huanza upya: nani aliziba mtaro, nani alijenga bondeni, serikali ifanye nini na mwananchi afanye nini. Katika mjadala huo jina la bustani ya mvua limeanza kutajwa, na limekuja na maelezo yanayokinzana. Wapo wanaodhani kwamba ni bustani ya mboga inayomwagiliwa kwa maji ya mvua. Wapo wanaodhani kwamba ni bwawa na kwa hiyo wanaogopa mbu. Na wapo wanaoambiwa kwamba mitaa ikichimba bustani hizi za kutosha, Mto Msimbazi hautafurika tena. Dhana zote tatu si sahihi, na hiyo ya tatu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu mtu aliyeahidiwa jambo lisilowezekana huliacha hata lile linalowezekana.

Tuanze na maji yenyewe. Mvua ikinyesha juu ya ardhi yenye uoto na udongo usioshindiliwa, sehemu kubwa hupenya chini, sehemu nyingine hushikwa na mimea na kurudi hewani kama mvuke, na kiasi kidogo tu hutiririka juu ya ardhi. Hayo yanayotiririka bila kunywewa na udongo ndiyo tutakayoyaita hapa maji ya mtiririko. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu, ardhi yenye uoto wake wa asili huachia takriban sehemu moja ya kumi ya mvua itiririke, ilhali eneo la mji lililofunikwa kwa mabati, saruji na lami huachia zaidi ya nusu. Mvua haikuongezeka, kilichobadilika ni kwamba tumeizibia ardhi mdomo. Hata uwanja wa udongo mtupu unaokanyagwa kila siku na watoto na bodaboda hushindiliwa kiasi cha kukaribia kuwa sakafu, na ndiyo maana nyumba isiyo na kipande cha saruji nje inaweza kumwaga maji mengi kwa jirani.

Kinachoelemea mitaro si wingi wa maji peke yake, bali kufika kwake kwa pamoja. Abiria mia wakifika kituoni kwa muda wa saa nzima, daladala zitawabeba wote bila shida. Wakifika wote kwa dakika tano, wataminyana mlangoni na wengine watabaki. Paa na saruji hufanya maji yafike mtaroni kwa dakika tano. Kazi ya kwanza ya bustani ya mvua ni kuwachelewesha abiria hao, na kazi ya pili ni kuwaondoa baadhi yao kwenye foleni kabisa kwa kuwapeleka ardhini.

Bustani ya mvua, basi, ni kishimo kipana kisicho na kina kirefu, kwa kawaida sentimita 15 hadi 20, kinachochimbwa mahali maji yanapopita kabla hayajaufikia mtaro. Chini yake huwekwa udongo unaopitisha maji, juu yake hupandwa mimea yenye mizizi inayokwenda mbali, upande mmoja huwa na njia ya kuingizia maji, na upande mwingine huwa na mdomo wa kutolea yale yaliyozidi. Mvua ikinyesha hujaa, na mvua ikikatika hukauka ndani ya saa chache, au ndani ya siku moja kwa udongo mzito kidogo. Siku nyingi za mwaka huwa kavu kabisa. Bwawa hujengwa ili lishike maji; bustani hii hujengwa ili iyaachie, lakini kwa njia ya chini na polepole.

Kwa umbo lake la sasa, wazo hili lilianza mwaka 1990 katika kaunti ya Prince George's, jimbo la Maryland nchini Marekani, ambako mjenzi mmoja wa nyumba, Dick Brinker, alitaka kuondokana na bwawa kubwa la kukusanyia maji ya mvua katika mtaa mpya wa Somerset. Akishirikiana na Larry Coffman, aliyekuwa mtaalamu wa mazingira wa kaunti hiyo, walikipa kila kiwanja bustani yake ya takriban mita za mraba 30. Gharama ilikuwa kama dola 100,000, wakati mfumo wa kawaida wa kingo na mifereji ungegharimu karibu dola 400,000, na vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba mtiririko ulipungua kwa asilimia 75 hadi 80 katika mvua ya kawaida. Naomba msomaji ayashike maneno hayo ya mwisho, mvua ya kawaida, kwa sababu tutayarudia.

Hata hivyo, kuzuia maji kwa kuchimba si jambo geni kwetu. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wamelima kwa zaidi ya karne moja kwenye mashimo ya ngoro yanayoshika mvua juu ya miteremko mikali, na matuta ya fanya juu ya Machakos nchini Kenya hufanya kazi iyo hiyo shambani. Mkulima wa ngoro akionyeshwa bustani ya mvua hatahitaji kuelezwa kwa nini udongo uliochimbwa haupaswi kutupwa. Jambo jipya ni kwamba sasa tunalileta mjini, katikati ya nyumba zilizobanana, karibu na misingi, visima na vyoo, na hapo ndipo mahesabu yanapohitajika.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua shule ya msingi yenye jengo la madarasa ambalo paa lake lina mita za mraba 400. Mvua ya milimita 25, ambayo kwa mwenyeji wa Dar es Salaam ni mvua nzuri ya asubuhi lakini si ya ajabu, itamwaga kutoka kwenye paa hilo lita 10,000, yaani mapipa 50 ya lita 200. Ili kuyashika maji hayo kwenye kina cha sentimita 15, unahitaji eneo la takriban mita za mraba 67, ambalo linaweza kuwa ukanda wa mita 5 kwa 13 na kitu kandokando ya uwanja. Mvua inayoiangukia bustani yenyewe haijaingia kwenye hesabu hiyo, lakini ikiwa udongo unanyonya sentimita 2.5 kwa saa, kiasi hicho kitakuwa kimenywewa mvua ingali ikinyesha. Mvua ikikatika, bustani iliyojaa itamaliza maji yake ndani ya saa sita.

Sasa chukua siku ya milimita 100 zilizonyesha kwa saa sita. Paa na bustani kwa pamoja zitapokea lita 46,700. Bustani itashika 10,000 na ardhi itanywa nyingine kama 10,000 katika saa hizo sita, na zilizobaki, zaidi ya 26,000, zitatoka kwenye mdomo wa ziada kuelekea mtaroni kama zilivyokuwa zikienda siku zote. Huo ndio ukweli wa bustani ya mvua katika mvua kubwa: haikatai maji yote, ila huyapunguza kwa chini kidogo ya nusu na kuyachelewesha. Mtaro ambao ungefurika saa ya kwanza unaweza kuhimili hadi saa ya tatu, na kwa familia iliyo chini ya mtaro huo saa mbili za kuinua magodoro na kuwahamisha wazee ni nyingi.

Kwa sababu hiyo hiyo, ahadi ya kwamba bustani hizi zitamaliza mafuriko ya Jangwani haina msingi. Msimbazi hukusanya maji kuanzia vilima vya Pugu na Kisarawe hadi baharini karibu na Daraja la Selander, na mvua inapodumu kwa siku tatu mfululizo, kama ilivyotokea Desemba 2011 ambapo zaidi ya watu 40 walipoteza maisha na waathirika wengi kuhamishiwa Mabwepande, ardhi ya bonde zima huwa imeshiba na haina nafasi ya kuongeza. Mafuriko ya mto yanahitaji kazi za ukubwa wa mto: kina cha mkondo, madaraja, ardhi ya bonde kuachwa wazi na watu kuhamishwa kwa haki, mambo ambayo mradi wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, umelenga kuyashughulikia. Bustani ya mvua ni tiba ya tatizo lingine, lile la kila wiki ya masika: maji ya paa la shule yanayoingia kwenye vibanda vya barabarani, uchochoro unaogeuka mkondo, mmomonyoko unaokula ukuta wa msikiti, dimbwi lisilokauka mbele ya zahanati.

Mahali pa kuichimba huamuliwa na udongo, si na mapenzi ya kamati. Kabla ya kununua hata mche mmoja, chimbeni shimo la majaribio lenye kina cha sentimita 30, lijazeni maji, yaacheni yaishe, kisha lijazeni tena na mpime kwa rula yanashuka kiasi gani kila saa. Yakishuka angalau sentimita 1.3 kwa saa, mahali hapo panafaa. Yakishuka chini ya hapo, mtakuwa mnachimba dimbwi, na ni heri kutafuta mahali pengine au kumwita mhandisi atakayeweka kokoto na bomba la kupitishia maji chini yake. Mitaa iliyo juu yenye udongo wa kichanga hufaulu jaribio hili kwa urahisi. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, ambao pia umetapakaa upande wa mashariki wa Nairobi, hufeli karibu kila mara. Kuna watu hudhani kwamba ukichanganya mchanga kidogo kwenye udongo huo utalegea. Kinyume chake, mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hutoa kitu kinachokaribia tofali. Mchanganyiko unaofaa hujazwa badala ya udongo uliotolewa: sehemu tatu za mchanga wa mto, sehemu moja ya udongo wa juu na sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri. Mchanga wa ufukweni usitumike, kwa sababu una chumvi.

Jaribio la pili ni la maji ya chini ya ardhi. Chimbeni shimo moja jembamba la mita moja na nusu wakati wa masika. Mkikuta maji, acheni. Maeneo mengi ya bondeni, ambako ndiko watu wanateseka zaidi kwa mafuriko, ardhi yake imekwisha kujaa kutoka chini, na kuwaambia wakazi wake wachimbe bustani ya mvua ni kuwapotezea nguvu zao. Bustani inayomsaidia mkazi wa bondeni huchimbwa juu, kwa jirani asiyefurika. Jambo hili ni gumu kisiasa kuliko kiufundi, na nadhani ndilo linalopaswa kuzungumzwa kwanza katika mkutano wa mtaa: anayefanya kazi na anayepata nafuu mara nyingi si mtu mmoja.

Umbali nao una sheria zake. Bustani ikae angalau mita tatu kutoka kwenye msingi wa nyumba, na ielekee upande ambao ardhi inashuka kutoka kwenye nyumba. Ikizingatiwa hivyo, hofu ya kwamba italowesha misingi haina nguvu, kwa kuwa maji ya paa yanayodondoka kando ya ukuta kwenye mchirizi uliobomoka hulowesha msingi huo zaidi. Kwa visima vifupi na mashimo ya vyoo, mita kumi ndio umbali wa chini ambao mimi ningeukubali, na zaidi ya hapo ni bora. Panapopita mabomba ya maji au nyaya, ulizeni kabla ya kuchimba, na kama ukanda uko kando ya barabara, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wapewe taarifa, kwa sababu mtaro utakaopokea maji ya ziada mara nyingi uko chini yao.

Hapa inafaa kusema wazi jambo ambalo vikao vingi hulipita kwa aibu. Katika mitaa yetu wapo wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo, maji machafu yachukuliwe na mkondo. Bustani ya mvua haiwezi kuishi na desturi hiyo. Udongo na mizizi hunasa vizuri mchanga, mafuta ya magari, zinki inayotoka kwenye mabati na sehemu ya uchafu wa mifugo, lakini haukuwekwa pale kusafisha kinyesi cha binadamu, na maji hayo yakielekezwa kwenye kishimo ambacho watoto hucheza kandoni mwake, tutakuwa tumeukaribisha ugonjwa wa kipindupindu karibu zaidi. Mtaa ambao haujakubaliana kuhusu uondoaji wa majitaka usianze na bustani. Uanze na vyoo. Kwa sababu kama hiyo, mchicha na mboga nyingine za majani zisipandwe ndani ya bustani inayopokea maji ya barabarani, hata kama ardhi inaonekana kupotea bure.

Kuhusu mbu, hofu ya watu ina haki yake, kwa kuwa Dar es Salaam imepitia milipuko ya dengi, ukiwamo wa mwaka 2014 na wa 2019. Lakini mbu anahitaji takriban wiki moja, na mara nyingi zaidi, kutoka yai hadi kuruka, na maji yanayokauka ndani ya siku moja huwaua viluwiluwi wote. Mbu anayeeneza dengi hupendelea matairi, makopo, vifuu na madumu yaliyoachwa wazi uani. Bustani iliyojengwa vizuri humwondolea mbu dimbwi. Iliyojengwa vibaya humwongezea. Kipimo ni kimoja: siku mbili baada ya mvua kukatika, pakiwa na maji yaliyotuama, bustani ni mbovu na inapaswa kufukuliwa.

Ubovu huo kwa kawaida hutokana na makosa mawili ya ujenzi. La kwanza ni kukanyaga chini ya shimo. Vijana ishirini wenye jembe na sepetu wakisimama ndani wakichimba, watashindilia ule ule udongo tunaotaka upitishe maji. Kwa hiyo chimbeni mkiwa pembeni, au mkimaliza mlegeze chini kwa sululu kabla ya kujaza mchanganyiko. La pili ni chini kutokuwa sawa. Maji hukusanyika kona moja, kona hiyo hufa kwa unyevu na nyingine hufa kwa ukavu. Fundi mwenye mpira wa pima maji anaweza kuliondoa tatizo hili kwa muda mfupi, na gharama yake isionekane kubwa. Udongo uliochimbwa uwekwe upande wa chini kama tuta, upigwe vizuri, upandwe ukoka. Mahali maji yanapoingilia pawekwe mawe ili nguvu yake ivunjike. Mdomo wa maji ya ziada uwe chini ya kichwa cha tuta kwa sentimita kama kumi, upangwe mawe, na uelekee mtaroni, kamwe usielekee kwa jirani.

Mimea haihitaji maelezo mengi, isipokuwa onyo moja. Watu wengi huchagua mimea ya majimaji, kama magimbi, wakidhani kwamba bustani italoa mwaka mzima. Dar es Salaam hupata wastani wa milimita 1,100 hivi za mvua kwa mwaka, lakini nyingi huanguka masika na vuli, na kuanzia Juni hadi Septemba kishimo kitakuwa kikavu kama uwanja mwingine wowote. Chagueni mimea inayovumilia hali zote mbili: nyasi za vetiva ni bora kwa sababu mizizi yake huenda chini sana na hushika udongo, na mimea ya kana inaweza kuwekwa katikati kwa ajili ya maua.

Kinachoua bustani nyingi za jumuiya si ukame wala mafuriko. Ni tope. Kila mvua huleta mchanga laini, chupa za plastiki na vifungashio, na vikiachwa msimu mzima huweka utando juu ya udongo ambao maji hayapenyi tena. Kwa hiyo swali la nani atatoa tope lijibiwe kabla ya swali la nani atachimba. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unatosha kwa kazi hiyo ikiwa serikali ya mtaa itaiandika bustani katika ratiba yake na kutaja watu wake, kwa sababu wakati wa kuchimba hujitokeza watu wengi na picha hupigwa, lakini miezi sita baadaye kamati huwa imebaki na watu wawili. Palipo na shule, walimu wa sayansi na wanafunzi wao ni walinzi wazuri: wanaweza kupima kwa rula maji yanashuka kwa kasi gani baada ya kila mvua, na kasi ikianza kupungua wakajua kwamba tope limezidi.

Wakati unaofaa kuchimba ni kati ya Julai na Septemba, ardhi ikiwa kavu, ili mimea ipandwe mvua za vuli zinapoanza na mizizi iwe imeshika kabla ya masika. Katika mvua tatu au nne za kwanza, watu wawili wasimame pale na miavuli yao waangalie maji yanaingilia wapi, yanakwepea wapi na mdomo wa ziada unatoa kwa urefu gani. Mawe yanaweza kusogezwa siku hiyo hiyo, ilhali baada ya masika nzima kupita, maji yatakuwa yamejichimbia njia yao wenyewe.